Vikombe Sita vya Vumbini

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si woga, msinielewe vibaya. Ni kwamba nikilitaja, mmoja wenu ataruka aseme ana shemeji huko, na hadithi itageuka kikao cha ukoo. Toshekeni kujua kwamba ni nchi yenye misimu miwili ya mvua, bendera moja na mawaziri arobaini na watatu, na kwamba katika mtaa wake mmoja uitwao Vumbini aliishi mama mmoja mkaanga vitumbua, jina lake Sikudhani, pamoja na mumewe Kondo, fundi seremala.

Kondo alikuwa na pumu. Miaka thelathini ya kuvuta vumbi la mbao ilikuwa imemfunga kifua, na sasa alipumua kwa msaada wa kikopo cha dawa, kile cha kubonyeza na kuvuta mdomoni. Kikopo kimoja kilimpeleka mwezi mzima. Kikiisha kabla ya kingine kupatikana, aliketi ukingoni mwa kitanda, mabega juu, akiivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani, na Sikudhani alikaa nyuma yake akimshika mgongo, hajui la kufanya. Kwa hiyo mama huyu hakuwa na mipango mingi maishani. Kila kitumbua kilichotumbukia kwenye mafuta kilikuwa njiani kwenda kuwa dawa ya Kondo, na akishakitia mkononi kikopo cha mwezi, alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Basi siku moja redio ikatangaza neema. Aliyeitangaza ni Mheshimiwa Sefukilo, Waziri wa Bei na Utu, mtu mwenye sauti nene inayotoka tumboni moja kwa moja bila kupitia kichwani.

"Ndugu wananchi," alisema, "tangu tupate uhuru, sukari ya nchi hii imekuwa kipofu. Haimjui anayeinunua. Anakuja mtu mwenye magari sita, anakuja mama mwenye kanga moja, sukari inawadai wote bei ileile bila haya. Huo ni utu kweli? Serikali yenu sikivu imeamua kuifumbua macho sukari, na chumvi, na sabuni, na dawa."

Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka meza saba zikapelekwa kwa fundi. Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Kila mwananchi angekadiriwa mali yake nyumbani kwake na kupewa kadi. Mnyonge angepewa kadi ya kijivu na kulipa robo ya bei. Mwenye nafuu angepewa ya kijani na kulipa bei kamili. Na Aliyeshiba, kadi ya dhahabu, angelipa mara tano bila kunung'unika, huku akijisikia vizuri rohoni. Bei zote zilizobandikwa madukani zikabanduliwa, maana bei sasa haikuwa tena juu ya kitu bali juu ya mtu.

Msiicheke sheria hiyo. Nami nimeigeuza huku na huku, sijaona pa kuishika kosa. Kondo ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu aliona serikali hatimaye imejifunza useremala. Yeye miaka yote hakuwa na bei moja. Mtu akija kuagiza kitanda, Kondo aliteremsha macho taratibu mpaka kwenye visigino vya mteja. Kisigino kikiwa laini, bei ilikuwa kamili na nyongeza kidogo ya kumshukuru Mungu. Kikiwa na nyufa, bei ilishuka. Nyufa zikiwa na udongo ndani yake, alikuna kichwa, akasema aa, hii mbao ni mabaki tu, nipe chochote. Wenye visigino laini hawakujua, na wenye nyufa hawakusema.

"Uso unadanganya, nguo inaazimwa," alizoea kumwambia mkewe, "lakini kisigino, Mama, utakiazima kwa nani?"

Sikudhani alilia jikoni siku ile, machozi ya raha. Robo ya bei ya kikopo ilikuwa vitumbua vya wiki moja tu. Siku nyingine zote za mwezi zingebaki zake.

* * *

Sasa hapa lazima niwaeleze habari za Vumbini na wageni, la sivyo mtamwona Sikudhani ni mjinga, na mkimwona mjinga tutagombana.

Vumbini mgeni hakupokewa kwa kile alicho nacho mwenyeji. Alipokewa kwa kile ambacho mtaa ulikuwa nacho. Mama Siwema, jirani wa Sikudhani wa ukuta mmoja, alikuwa na vikombe sita vya udongo vyenye maua mekundu, alivyoachiwa na tajiri wake aliyehama. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona alikuwa na makochi mawili. Yuko aliyekuwa na kapeti jekundu, na yuko aliyekuwa na saa kubwa ya ukutani, nzuri sana, ila ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi tangu mwaka wa ukame. Mgeni akionekana kwa mbali, vitu hivyo viliruka ua kwa ua mpaka kwenye nyumba inayohusika, na akishaondoka vikarudi. Hivyo mgeni aliyeingia nyumba yoyote ya Vumbini aliketi kwenye makochi yaleyale, akakanyaga kapeti lilelile, akanywea vikombe vilevile. Na wote walishika mwiko mmoja: humwambii mgeni kwamba kitu ni cha kuazima. Kumwambia hivyo ni sawa na kumwambia umenisumbua, ondoka.

Barua ikaja kwamba Bwana Pazi, Mkadiriaji wa Serikali, atapita Vumbini nyumba kwa nyumba. Akili ya Sikudhani ilimwambia ampokee hivyohivyo, kwenye mkeka. Kondo naye alimwambia hivyo, kwa maneno ya kukatakata kwa sababu ya kifua: mwache mtu wa watu aone tulivyo, si ndiyo kazi iliyomleta? Sikudhani alimtazama mumewe kana kwamba amemtusi mama yake mzazi. Mtu atoke mjini, akanyage vumbi lote hili, aje aketishwe kwenye mkeka uliochanika na kunyweshwa chai kwenye kopo la siagi? Watu wangesema nini? Na kabla Kondo hajapata hewa ya kujibu, makochi yalikuwa yanapita mlangoni.

Bwana Pazi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaonyesha mawingu. Aliketi. Akaletewa maji ya kunawa, akaletewa chapati, akaletewa kuku wa Mama Siwema ambaye asubuhi ile alikuwa bado anatembea. Fomu yake ilikuwa na safu mbili tu, moja imeandikwa KILICHOPO na nyingine IDADI. Akaanza kujaza kwa mwandiko mzuri: makochi, mawili, kapeti, moja, saa, moja. Alitakiwa kuandika pia muda wa ukaguzi, naye akaunakili kutoka ukutani: saa nne na dakika kumi.

Kisha akainua kikombe chake, kile chenye ufa mwembamba karibu na mkono, akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba.

"Vikombe hivi, mama," akauliza kwa upole, "ni vyenu?"

Nyuma ya ua Mama Siwema aliacha kupumua. Kondo alikohoa, kikohozi cha makusudi. Sikudhani jibu alilihisi limefika ulimini, tena lilikuwa fupi. Alikiona kikopo cha dawa, aliiona robo ya bei, alimwona Kondo amelala chali usiku mzima bila kuinua mabega. Halafu akamwona mgeni, kipande cha chapati bado kiko mkononi mwake.

"Ni vyetu, baba," akasema. "Karibu, ongeza chai."

Bwana Pazi akainama, akaandika: vikombe, sita.

* * *

Alipita nyumba thelathini. Kote alikaribishwa, kote alikula kuku. Wizarani walipojumlisha waligundua kwamba Vumbini, mtaa uliodhaniwa hauna mbele wala nyuma, una makochi sitini, makapeti thelathini na vikombe mia moja na themanini. Hakuna aliyeshangaa kwamba makapeti yote yalikuwa mekundu. Ilisemwa kwamba ni dalili ya mshikamano. Vumbini ikatangazwa Mtaa wa Mfano Uliotokomeza Umaskini Bila Mkopo. Bwana Pazi mwenyewe alivishwa nishani, kwani fomu zake zilionyesha kwamba alikagua nyumba thelathini zote katika dakika moja, saa nne na dakika kumi, kasi ambayo haijapata kuonekana katika utumishi wa umma.

Kadi za dhahabu zikagawiwa mtaa mzima, kwa bendi ya polisi.

Sikudhani aliipeleka ya kwake duka la dawa. Mwenye duka, aliyezoea kumwambia subiri pale pembeni, alipoiona kadi alisimama wima, akamfutia kiti kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwita Mheshimiwa. Kikopo kilekile cha jana sasa kilikuwa mara tano. Sikudhani aliuliza kama mwenye duka anamkumbuka: si ndiye yeye, yule wa vitumbua? Mwenye duka akainama akasema anamkumbuka sana, na anampongeza kwa hatua aliyopiga.

Wakati ule akaingia dereva wa Mheshimiwa Sefukilo. Alitoa kadi ya kijivu ya bosi wake, akachukua vikopo kumi na viwili kwa robo ya bei. Mbwa wa Mheshimiwa, alieleza, alikuwa anakohoa.

Msikunje nyuso, kila kitu kilikuwa halali. Bwana Pazi alikwenda nyumbani kwa Waziri pia, na alimkadiria kwa haki. Nyumba ilikuwa ya serikali. Magari yalikuwa ya serikali. Mashamba yalikuwa ya mfuko wa hisani wa mke, na mke alikuwa ametengana naye kwenye karatasi. Suti zilikuwa zawadi, na saa ya mkononi ilikuwa ya kuonyesha tu, mali ya kampuni. Waziri alimpokea mkadiriaji nje ya geti, wamesimama juani. Hakumpa kiti, hakumpa hata maji. Bwana Pazi akaangalia huku na huku, asione cha kuandika. Ndivyo Mheshimiwa alivyokuwa mnyonge namba moja wa Jamhuri, na kila Ijumaa alikuwa akitaja jambo hilo redioni kwa unyenyekevu mkubwa.

* * *

Sikudhani alikwenda kukata rufaa. Wanyonge walikuwa na dirisha lao, lenye foleni ya kuzunguka jengo mara mbili, lakini yeye kwa kadi yake alipelekwa Dawati la Malalamiko ya Walioshiba, chumba chenye viyoyozi na viti vya ngozi, ambako ndiye pekee aliyekuwemo. Kiingilio kilikuwa mara tano. Aliuza pete yake ya ndoa akalipa. Tena, kwa kuwa anakwenda ofisini kwa watu, alikuwa ameazima gauni.

Afisa wa kike aliyempokea alimsikiliza vizuri, hilo lisemwe. Alimwagizia kahawa. Sikudhani alieleza yote bila kuficha, makochi ya mwalimu, kapeti, vikombe vya Mama Siwema, na kusema kwake maneno yale kwa mtu wa serikali kulimchoma kama kuvua nguo sokoni. Afisa akaandika. Kisha akatabasamu kwa kuona mambo yameanza kunyooka.

"Kwa hiyo vikombe vyote mia moja na themanini ni vya huyo Mama Siwema," akasema.

Sikudhani akamwambia ni sita. Ni vilevile sita.

"Mama, takwimu za taifa zinasema mia moja na themanini. Rais amezisoma. Siwezi mimi kumpunguzia Rais vikombe. Mlete huyo mama aje atie sahihi kwamba ni vyake. Wewe utakuwa mnyonge leo hii, na yeye tutamfungulia kesi ya kuendesha ghala bila leseni."

Sikudhani alirudi Vumbini kwa miguu, ameshika viatu mkononi. Alimkuta Mama Siwema anachambua mchicha, akamweleza neno kwa neno. Hakumwomba kitu. Aliogopa kwamba akiomba atapewa.

Mama Siwema si mtu mbaya, na sitaki kumsikia mtu akisema hivyo. Alikuwa na wajukuu wanne wasio na mzazi. Aliuchambua mchicha mpaka ukaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na vikombe vyake vyote sita, akavipanga juu ya jiwe la kufulia, akavivunja kimoja kimoja kwa mchi, huku analia kwa sauti. Kile chenye ufa ndicho kilichokuwa kigumu kuvunjika.

"Sasa si vyako wala si vyangu," akamwambia Sikudhani. "Nisamehe, mwenzangu. Nilichoweza ni hicho."

Tangu siku hiyo Vumbini ikabadilika. Mwalimu mstaafu aliyapasua makochi yake kuni. Kapeti lilikatwa vipande vya kufutia miguu, na saa ikafukiwa. Watu walijifunza kufunga milango mchana. Mgeni akibisha hodi, ndani ukimya unatanda, na mtoto akikohoa anazibwa mdomo. Nyumba zilizokuwa zinapitishiana chumvi juu ya ua sasa ziliinua ua ule kwa mabati, mtu asije akaonekana anapokea au anatoa. Wizara ilipeleka watafiti wakapime mtaa ule, nao wakaandika kwamba Walioshiba kwa kawaida hupenda faragha.

Dawa je? Dawa ilipatikana kwa dereva. Mbwa wa Mheshimiwa hakuweza kumaliza vikopo kumi na viwili, hata angekohoa mchana kutwa, na dereva kwa huruma yake aliviuza vilivyobaki kwa nusu ya bei ya dhahabu. Mwezi wa kwanza Sikudhani aliuza randa za Kondo na misumeno yake. Kondo alimsaidia kuzifunga kwenye gunia, na akamkumbusha amwambie mnunuzi kwamba ile randa ndogo inataka mafuta kila Jumamosi. Mwezi wa pili aliuza kitanda ambacho Kondo alikichonga mwaka wa harusi yao. Mwezi wa tatu aliuza kikaango cha vitumbua. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuuza wala cha kukaangia.

* * *

Hata hivyo, fomu ya rufaa aliyoilipia ilisema nyumba itakaguliwa upya ndani ya siku tisini. Bwana Pazi alikuja siku ya themanini na nane, jua la saa saba, jasho linamtiririka, nishani kifuani.

Safari hii Sikudhani alikuwa amejipanga. Siku nyingi alikuwa akijifunza peke yake jikoni, namna ya kusimama na namna ya kunyamaza. Alisimama mlangoni, mikono imening'inia. Hakusema karibu. Neno lilimjia kooni lenyewe, kama lilivyomjia maisha yake yote, akaliuma kwa meno likarudi chini. Bwana Pazi alisubiri kidogo, kisha akajikaribisha. Akatazama pa kukaa, pasiwepo. Akaomba maji. Sikudhani akamwambia hakuna. Alisikia aibu imempanda kutoka miguuni mpaka masikioni, akaiacha ipande.

Ndani mlikuwa na mkeka, na juu ya mkeka Kondo, mabega juu. Kikopo cha mwisho kilikuwa kando yake. Kilikuwa kimeisha tangu siku nne nyuma, lakini alikibonyeza hata hivyo, na kilitoa mlio tu. Alimwona mgeni. Akajiinua kwa kiwiko, akakusanya pumzi kwa muda mrefu mpaka ikatosha maneno mawili.

"Karibu, bwana," akasema.

Bwana Pazi akateremsha macho kwenye fomu yake. Aliandika haraka haraka, na hapakuwa na mengi ya kuandika. Kwa sauti ya chini akamwambia Sikudhani kwamba mambo yamekubali: nyumba haina kitu, mapokezi hayakuwepo, vigezo vyote vimetimia, sawa kabisa na vya Mheshimiwa Waziri. Kadi ya kijivu itatoka. Kinachosubiriwa ni sahihi ya Mheshimiwa mwenyewe, ambaye kwa sasa yuko ng'ambo katika semina ya wiki tatu, anayafundisha mataifa mengine sheria hii.

Kondo alisubiri siku kumi na moja. Mimi sijui kama mtu anaweza kumlaumu kwa kutosubiri zaidi. Alikuwa mtu mvumilivu kwa kawaida yake, mtu wa kusubiri mbao ikauke miezi sita. Alikufa Jumanne asubuhi ameegemea kifua cha mkewe, na Sikudhani aliendelea kumshika mgongo muda mrefu baada ya mgongo kutulia.

Sanda nayo ilikuwa na bei ya kadi, na kadi aliyokuwa nayo bado ilikuwa ya dhahabu. Basi fundi aliyechonga nusu ya vitanda vya Vumbini alizikwa kwa shuka la kujifunikia. Wenye visigino vya nyufa, wale aliowauzia mbao za mabaki ambazo hazikuwa mabaki, walikuja mmoja mmoja, mikono mitupu, wakasimama ukutani kwa dakika chache na kuondoka. Hakuna aliyeleta turubai. Hakuna aliyeleta sufuria wala jamvi, maana kitu kikikutwa msibani kingehesabiwa, na watu wakizidi kumi ingeandikwa kwamba ni sherehe. Mama Siwema alikuja akakaa naye sakafuni. Walishikana mikono.

* * *

Siku ya tatu ya matanga Bwana Pazi akaja tena. Hakuwa na bendi. Alivua viatu mlangoni, vile viatu vyake vya kuonyesha mawingu, kama mtu anavyofanya akiingia msibani, na Sikudhani aliyekuwa ameinamisha kichwa aliona kilichokuwa ndani yake. Visigino vya Bwana Pazi vilikuwa vimepasuka kupita hata vya Mama Siwema. Nyufa zenyewe zilikuwa na udongo.

Aliketi sakafuni mbele ya mjane. Akampa pole. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya kijivu, mpya kabisa, yenye sahihi ya Waziri. Akaisukuma taratibu sakafuni mpaka ikafika miguuni pa Sikudhani, akamwomba aweke sahihi kwamba ameipokea. Sikudhani aliweka sahihi. Alikuwa sasa mnyonge, kisheria.

"Vile vikombe," akasema, "havikuwa vyetu."

Ndiyo sentensi aliyokuwa anadaiwa tangu siku ile ya chapati, na haikuwa ndefu.

"Nilijua, mama," akasema Bwana Pazi.

Mama Siwema akainua kichwa.

"Nilijua tangu nyumba ya tatu. Kikombe kile chenye ufa nimekinywea nyumba thelathini. Hata kwangu mkija mtakalia viti vya jirani."

Sikudhani aliitafuta hasira, akaikuta haina nguvu ya kusimama. Akamuuliza kwa nini basi aliandika.

"Niliuliza," akasema. "Ukaniambia ni vyenu. Sasa mgeni atambishia vipi mwenyeji wake, chapati yake iko mkononi?"

Walikaa hivyo watatu sakafuni, jua linaingia mlangoni, na Bwana Pazi akameza mate kwa shida, kwa sababu alitembea kutoka mjini na siku ilikuwa ya joto. Sikudhani alimsikia akimeza. Alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi. Lakini hakukuwa na kitu tena cha kulindwa ndani ya nyumba ile, na neno lile alilokuwa ameliuma siku nyingi likatoka lenyewe. Akasema karibu. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na maji kwenye bakuli la plastiki alilokuwa anamnyweshea Kondo uji, akampa kwa mikono miwili.

Bwana Pazi alikunywa yote. Alishukuru, akalitua bakuli chini polepole. Kisha, kabla hajainuka, mkono wake ukaingia mfukoni ukatoa kalamu, akafungua fomu mpya, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: bakuli, moja.